Mjadala: Nectocaris ni wa ukoo wa ngisi au wa minyoo-mshale?

Jabali: Natoa hoja: mabango ya makumbusho na masomo ya mtandaoni yaache kumwita Nectocaris, mnyama wa bahari aliyetoweka zamani, babu wa ngisi na pweza. Kwa wageni wa mada, huyu alielezwa na Conway Morris mwaka 1976 kwa kisukuku kimoja tu cha Burgess Shale, mwamba wenye visukuku huko Kanada. Mwaka 2010 Smith na Caron wakaleta vielelezo 91 wakasema ni sefalopodi (kundi la ngisi na pweza) wa mwanzo, kwa sababu ya macho makubwa, mikono miwili na mrija wa kutema maji. Mwaka 2025 Vinther na wenzake wakamtangaza jamaa yake wa karibu, Nektognathus, kutoka mwamba wa visukuku wa Sirius Passet, kaskazini mwa Greenland. Upande wa tumbo, nyuma ya kichwa, ana fundo kubwa la neva. Kwa wanyama walio hai, fundo la namna hiyo wanalo minyoo-mshale peke yao, wawindaji wadogo wembamba wa baharini. Ngisi hana.

Dome wa Kilwa: Taratibu, mkuu. Fosfati hupenda kujikusanya kwenye utumbo wa mzoga unaooza, kwa hiyo doa jeusi si neva mpaka lithibitishwe. Chora ramani ya elementi kwa hadubini ya elektroni. Fosforasi ikifuata mstari mmoja mpaka mkunduni, huo ni utumbo. Halafu panga vielelezo vyote kwa kipimo kimoja: ute wa kuoza hukaa popote, ogani hukaa palepale kila mara. Na vile vilivyolala ubavu ndivyo vya maana zaidi, kwa kuwa kilicholala chali hakikuambii doa liko juu au chini ya utumbo.

Jabali: Ndiyo maana Timorebestia, kisukuku kingine, ana uzito kwenye hoja hii. Alitangazwa 2024, ametoka mwamba uleule wa Sirius Passet, naye ana fundo hilo mahali palepale, mbali na utumbo. Utumbo wenyewe unajulikana vizuri, umejaa magamba ya Isoxys, arthropodi wa kale aliowala. Wanyama wawili wa maumbo tofauti, doa moja. Kuoza hakuna nidhamu hiyo.

Binti Asidi: Mnabishana juu ya nyama wakati kumbukumbu iliyo nyingi ni miiba. Protohertzina, kisukuku cha miiba midogo, yupo tangu mwanzoni kabisa mwa Kambria (kipindi cha kale, takriban miaka milioni 539 hadi 485 iliyopita), zaidi ya miaka milioni 10 kabla ya hao wa Greenland. Tangu 1982 mtafiti Szaniawski anashikilia kwamba hiyo ni miiba ya kukamatia mawindo ya minyoo-mshale: tundu la ndani na tabaka za nyuzinyuzi ukutani vinafanana na vya leo. Mtu akisema ya leo ni kitini na ile ya kale ni fosfati, sawa, lakini fosfati huweza kuingia baada ya kifo.

Anayetaka kuiona achukue kilo moja au mbili za chokaa ya Kambria ya mwanzo, aitie kwenye asidi ya asetiki ya asilimia 5 hadi 10. Changanya na maji ya asidi iliyotumika mzunguko uliopita, yana asetati ya kalisi inayoilinda fosfati. Wengi huharibu hapa: asidi mpya kali hula miiba yenyewe, ukabaki na vijiti vilivyotobokatoboka. Chuja kwa chekeche ya mikroni 63, kausha bila joto kali, kisha tenganisha kwa kimiminika kizito cha msongamano wa 2.8. Kwatzi huelea, miiba huzama. Dolomiti haisikii asetiki, inataka asidi ya fomiki.

Sasa swali kwa Jabali: Nectocaris miiba yake iko wapi?

Jabali: Hana, na hakuna ubaya. Ni tawi lililochepuka kabla miiba haijaota, likaendelea kuishi. Burgess Shale penyewe wako pamoja Amiskwia, asiye na miiba ila taya ndani ya kichwa, na Capinatator mwenye miiba hadi 25 kila upande. Walcott, mgunduzi wa Burgess Shale, alimwita Amiskwia mnyoo-mshale tangu 1911, akakataliwa 1977, na 2019 taya zikamrudisha jirani na palepale.

Dome wa Kilwa: Hilo la taya nakubali. Macho bado. Minyoo-mshale wa leo, hata ukiwavuta kwa wavu wa planktoni hapa Mlango wa Zanzibar, wana vijicho vidogo kama nukta. Kutoka jicho kubwa lenye muundo wa kamera hadi nukta ni safari ndefu.

Binti Asidi: Ndefu, ila ngisi asiye na gamba katikati ya Kambria ni ndefu zaidi. Sefalopodi wa kwanza wasiobishaniwa, kama Plectronoceras, ni wa mwisho wa Kambria, na wana gamba lenye vyumba. Wa kupoteza gamba walikuja baadaye sana.

Dome wa Kilwa: Basi bango liandikwe “huenda ni jamaa wa minyoo-mshale”, na hilo “huenda” lisifutwe mpaka fundo lionekane kwenye Nectocaris wa Burgess mwenyewe, si kwa binamu yake wa Greenland.

Jabali: “Huenda” naipokea. Neno ngisi litoke leo.