Brosi ya kuoshea chupa ya kufuma kwa kroshe: uzi gani, na mpini wa nini?

juisi_katindo (Goma)

Jambo wote. Ninatengeneza juisi ya marakuja na tangawisi nyumbani, hapa Goma, na ninauzia katika chupa za plastiki ambazo wateja wananirudishia: za nusu lita na za lita moja na nusu. Kuna pia chupa za bia za kioo, zile za sentilita 72, ambazo wenye vilabu wananiletea niwajazie tangawisi.

Shida ni kuzisafisha kwa ndani. Chupa ikikaa kwa mteja siku mbili tatu bila kusuuzwa, tangawisi inaacha utando mweupe chini na duara la kahawia pale bega la chupa linapoanzia. Sabuni peke yake hailitoi. Brosi za waya za sokoni zipo, lakini nywele zake zinang'oka na kubaki humo ndani, na ncha yake ya chuma inashika kutu. Jirani yangu anatia changarawe nyeusi ya volkano pamoja na maji, anatikisa. Uchafu unatoka kweli, ila ukiinua chupa kwenye mwanga unaona imechanwa mistari mistari, na utando unarudi kushika hapo hapo kwenye mistari. Tena changarawe inadai maji mengi ya kusuuza, na kwetu maji ni ya kubeba kwa bido (dumu la plastiki).

Nimeona picha ya brosi ya chupa iliyofumwa kwa kroshe, imejisokota kwenye fimbo ndefu. Maelezo hakuna. Kufuma ninajua, kofia za watoto na napero (vitambaa vya meza) nimefuma nyingi. Nauliza: uzi gani unafaa? Inapitaje kwenye mdomo mwembamba halafu ikafika pembeni? Na mpini ni wa nini? Aksanti kwa atakayenijibu kwa kirefu.

kroshe_ya_kadutu (Bukavu)

Dada, karibu. Hizo brosi ninazifuma na kuziuza hapa Bukavu, nyingi zinachukuliwa na watu wa juisi kama wewe na akina mama wenye watoto wa biberoni, chupa za kunyweshea maziwa. Nitakueleza yote, kwa sababu brosi mbaya ni afadhali uikose: inahamisha uchafu wa chupa ya jana kuutia katika chupa ya leo.

Naanza na swali lako la pili, ndilo lenye ufundi. Mdomo wa chupa ya plastiki ya soda kwa ndani ni kama milimita 22. Wa chupa ya bia haufiki hata sentimita 2. Lakini tumbo la chupa ya lita moja na nusu linakaribia sentimita 9. Basi unataka kitu kinachokubali kubanwa shingoni, na kikishapita kifunguke chenyewe. Kitambaa cha kufuma bapa ukakizungushia kijiti hakifunguki, kinabaki kimelala palepale kwenye kijiti, unasukuma na kuvuta huku bega la chupa halijaguswa. Kinachofunguka ni msokoto.

Msokoto unafumwa hivi. Piga mnyororo wa vitanzi 30 kwa chupa ya nusu lita, 45 kwa ile kubwa. Rudi juu ya mnyororo huo, na ndani ya kila kitanzi weka mishono mifupi mitatu. Mitatu, si mmoja. Ukingo wa nje unakuwa mrefu kuliko mnyororo wenyewe, unakosa pa kukaa, kwa hiyo unaanza kuuzunguka mnyororo. Hutasubiri mpaka mwisho kuuona: baada ya vitanzi sita au saba kazi inajigeuza mkononi. Iache igeuke, usiinyooshe. Na kaza mkono wako, kaza kuliko unavyofuma kofia ya mtoto. Msokoto uliolegea ukilowa unaning'inia tu, ule uliokazwa unarudi kama springi.

Kwa lile duara la kahawia ongeza jambo moja. Katika mshono wa tatu wa kila kitanzi, kabla hujaufunga, pitisha uzi juu ya kidole ili kibaki kitanzi kirefu cha sentimita moja kinachoning'inia nje. Vile vitanzi virefu ndivyo vinavyolamba bega la chupa unapozungusha. Zungusha, usisukume tu juu chini.

Sasa kitako. Geuza chupa ya soda uiangalie: haiko bapa, ina miguu mitano, na kila mguu kwa ndani ni shimo. Utando wako mweupe unalala humo. Kwa hiyo ncha ya brosi iwe na kishada: kata vipande vya wavu wa kuvulia samaki vya urefu wa sentimita 6, vikusanye kumi au kumi na viwili, vifunge katikati kwa nguvu, vikunje na uvishone kwenye kichwa cha msokoto. Ncha zake zikitawanyika zinaingia miguuni. Kishada cha lene tupu, ule uzi laini wa kufumia triko, ni laini mno, kinapita juu ya mashimo bila kuyagusa.

Nimesema wavu, nao ndio uzi wangu. Pamba kwa chupa za juisi hapana. Inakunywa maji, inakaa mbichi usiku kucha, na miezi hii ya mvua haikauki kabisa, inanuka. Chukua lene ya akriliki, ile ya kufumia triko za watoto, haibebi maji mengi na inakauka mapema. Lakini peke yake haina ukali. Wewe uko Goma, teremka Kituku ukawaulize wavuvi vipande vya wavu wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, uliochakaa. Ni nailoni yenye matundu madogo, ina ukali wa kutosha kutoa utando lakini haichani plastiki. Kata ukanda wa upana wa kidole, ushike pamoja na lene, fuma vyote viwili kwa sindano ya kroshe ya milimita 5. Mwanzoni ukanda utakuwa unakwama kwenye ndoano, enda polepole, vidole vitauzoea.

Harufu ya sambaza inatoka. Loweka wavu usiku mmoja katika maji yenye majivu, asubuhi ufue kwa sabuni na ndimu, anika juani, urudie mpaka ukiuweka puani usisikie kitu. Ukisikia kidogo tu, rudia. Tangawisi yenye harufu ya samaki haina mnunuzi.

Nyuzi za magunia ya mchele watu wengi wanazitumia, mimi sizipendi. Ni ngumu na zinasugua sana, hilo ni kweli, lakini zikikaa juani zinachoka na kuanza kumeguka vipande vyembamba. Umekimbia nywele za brosi ya sokoni, usiende kuzikuta tena hapo.

Rangi iwe nyeupe au ya maziwa. Wateja wangu wanapenda nyekundu na bluu, ninawafumia, ila ninawaambia: brosi nyeupe ikichafuka inajionyesha.

Mpini ninaufanya kwa mwanzi. Pasua ubavu mwembamba wa urefu wa sentimita 40, hakikisha upande wa ganda unabaki, maana ganda ndilo linalokataa maji. Ukwangue kwa kipande cha kioo mpaka usichome mkono. Toboa tundu karibu na ncha, na chini yake, pale msokoto utakapoishia, chonga mkato. Mkia wa uzi wa juu unapita tunduni, zungusha msokoto kwenye mwanzi, mkia wa chini unafungwa kwenye mkato kwa fundo la kufunguka. Gundi usitie! Kila jioni fungua fundo, vua msokoto, ukamue, uning'inize peke yake na mpini peke yake. Brosi zinaozea pale uzi unapogusana na mti, maji yanajificha hapo na huyaoni.

lushi_katuba (Lubumbashi)

Mama wa Kadutu amesema yote kuhusu kufuma, mimi naongeza mpini tu. Kwa chupa ya bia mwanzi unakula nafasi: ukiuchonga mwembamba wa kutosha unavunjika shingoni. Sisi huku tunatumia spoki ya baiskeli. Makala (makaa ya kupikia) inaingia mjini kwa baiskeli, mzigo mzito, spoki zinakatika kila siku, kwa hiyo kila fundi wa baiskeli ana rundo lake pembeni na anakupa kwa bei ndogo au bure.

Chagua isiyoshika kutu. Nenda na sumaku: ikinata kwa nguvu, hiyo ni chuma cha kawaida, iache. Isiponata au ikinata kidogo sana, chukua. Spoki ina unene wa milimita 2 hivi, shingoni huisikii kabisa. Kwa koleo kunja ncha moja iwe pete ndogo, hapo utafungia mkia wa uzi, na hutabaki na ncha ya kukwaruza kioo. Upande mwingine ni mfupi kwa mkono, basi uingize katika kipande cha mti au cha mwanzi uliochomwa tundu, ushike vizuri. Inafaa kwa bia na kwa nusu lita. Kwa lita moja na nusu spoki haifiki chini, rudi kwenye mwanzi wa mama.

juisi_katindo (Goma)

Aksanti sana Mama, aksanti kaka wa Lubumbashi. Miguu mitano ya chupa nimeenda kuitazama sasa hivi, ni kweli kabisa, na kila mguu ulikuwa na weupe wake.

Nina maswali mawili. Kwa kawaida vyombo vyangu vyote ninavilaza katika maji yenye javeli kidogo, ile dawa ya klorini. Brosi hii nayo niilaze humo? Na nina bido za lita tano za kubebea juisi kwenye sherehe, zile zina pembe na mkono wenye uwazi ndani. Fimbo haifiki. Zenyewe mnaziosha vipi?

muuguzi_bagira (Bukavu)

Kabla Mama hajajibu, niseme neno kwa wanaosoma kwa ajili ya biberoni, kwa sababu zimetajwa hapo juu.

Brosi ya biberoni iwe ya biberoni tu, isiingie katika chupa ya juisi wala ya mafuta. Maziwa yanaacha mafuta kwenye chuchu ya biberoni na pale kifuniko kinapojifunga, sugua hapo kwanza, mara tu mtoto anapomaliza, maziwa hayajakauka. Halafu biberoni inachemshwa, imezama yote, maji yakitokota kwa dakika 5. Huku kwetu kando ya ziwa tuko mita 1,460 hivi juu ya bahari, maji yanatokota karibu nyuzi 95 badala ya 100, na bado yanaua wadudu wanaomharisha mtoto. Brosi nayo ichemshwe. Ndiyo maana ninauliza kuhusu hiyo lene ya akriliki: kwa maji ya kuchemka inalegea na msokoto unapotea. Mama, za watoto unafuma na nini?

Na dada wa juisi, hiyo ya kuchemsha usiifanye kwa chupa zako za plastiki. Zikipata maji ya moto sana zinajikunja. Maji ya vuguvugu yanatosha.

kroshe_ya_kadutu (Bukavu)

Muuguzi, umeuliza vema. Za biberoni sitii lene hata kidogo, ninafuma wavu mtupu, tena wavu mpya wa kununua kwa mita, usiowahi kuona samaki. Nailoni inavumilia sufuria. Sindano ninashuka hadi milimita 3, ukanda unakuwa mwembamba zaidi, na vitanzi virefu sivifanyi, maana biberoni haina bega kali na vitanzi vinashika maziwa. Kishada cha ncha ninakifanya kidogo, cha kuingia ndani ya chuchu bila kuipanua.

Dada wa Goma, javeli kwenye brosi hapana. Klorini inaila nailoni. Kwanza inageuka ya manjano, kisha inakuwa kavu na kukatika, utarudi kuokota vipande ndani ya chupa. Osha chupa kwa brosi na sabuni, suuza, weka brosi pembeni, ndipo utie javeli yako katika chupa kama ulivyozoea na kuisuuza tena. Brosi yenyewe ifue kwa maji ya moto ya kuweka mkono na sabuni, ikae juani. Na ukiwa umefuata njia ya spoki, hata ile isiyoshika kutu haipendi kulala katika javeli.

Bido la lita tano halitaki fimbo. Fuma msokoto mrefu, vitanzi 80, wavu mwingi kuliko lene, na kila sehemu uweke vitanzi virefu. Usiufunge kwenye kitu chochote. Mwishoni endelea na mnyororo mtupu wa urefu wa mkono, huo ni mkia wa kuuvutia. Ingiza msokoto wote ndani ya bido, tia maji ya vuguvugu robo na sabuni, mkia ukae nje, ziba mdomo kwa kiganja juu ya mkia, halafu utikise ukiligeuza bido pande zote. Msokoto unarukaruka na kusugua pembe, kazi ile ile ya changarawe ya jirani yako bila kuchana. Kwa ule mkono wenye uwazi, laza bido upande wa mkono juu, lisimamishe kichwa chini, rudia mara kadhaa mpaka usikie msokoto umeingia humo na kutoka. Ukimaliza vuta mkia polepole huku ukizungusha, utatoka wote.

Mkia uufume kwa lene maradufu na uukaze pale unapoungana na msokoto, kwa sababu ukikatika hapo utalazimika kulikata bido.