Bibi alikuwa mchoraji, na alikuwa mkali. Niandikeje historia yake bila kumlainisha?

Mjukuu wa katikati aliandika:

Habari zenu wakuu.

Bibi yangu mzaa mama ametutoka. Alikuwa mchoraji, na ndiye aliyekuwa akiushikilia ukoo mzima. Kikao cha familia kimenipa kazi ya kuandika historia ya marehemu, isomwe siku ya kumkumbuka na ichapwe kwenye kijitabu. Sababu eti mimi ndiye "najua kuandika", kwa vile kazini naandika ripoti.

Mama mkubwa ameshapitia rasimu. Kila nilipoandika "mkali" amekata, akaweka "mwenye msimamo". Kisa cha kumfukuza mnunuzi kakifuta chote. Aliyebaki kwenye karatasi ni mama mpole, mnyenyekevu, aliyependa watu wote bila ubaguzi. Huyo mimi simjui.

Ninayemjua alichora akiwa amesimama, brashi mbili kazibana mdomoni, ya tatu mkononi, na bado aliweza kuuliza nani hajampigia mdogo wake simu. Wanawe wakigombana, kesi ilisikilizwa hapo hapo. Mnasimama nyuma yake, kila mtu anaeleza upande wake, yeye anachanganya rangi kwenye sahani ya bati wala hageuki. Ukianza kudanganya ndipo anageuka. Hakuhitaji kusema kitu.

Huyo mnunuzi naye alikuja akaupenda mchoro mmoja, kisha akauliza kama angeweza kuchorewa kama ule ule ila uwe na bluu zaidi, uendane na mapazia ya sebuleni kwake. Bibi akamwambia mapazia yanabadilishwa, akaugeuza mchoro ukaangalia ukuta. Hela tulikuwa tunaihitaji, sitaki kusema uongo.

Sasa naomba ushauri wa mambo mawili. Kwanza, mtu wa namna hii anaandikwaje bila kugombanisha familia? Pili, kazi zake ziko nyingi: chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya milango. Hazina majina wala tarehe. Nyuma kaandika namba za simu, hesabu za madeni, hata maneno ya kumsema jirani. Na ndugu wameanza kubeba.

Mhariri mstaafu alijibu:

Pole sana, mjukuu.

Ugomvi wenu ni wa vivumishi tu. Futa "mkali", futa na "mwenye msimamo", acha ile kesi ya nyuma ya mgongo wake na sahani ya bati. Msomaji atajua mwenyewe alikuwa mtu gani, na mama mkubwa hatakuwa na neno la kukata.

Ukienda kukusanya habari kwa ndugu, usiulize "bibi alikuwaje?" Utaambiwa alikuwa mtu wa watu, na daftari litajaa hivyo hivyo. Uliza "mara ya mwisho alikugombeza kwa ajili ya nini?" Hapo watu watacheka, watalia, na utapata vitu.

Na wanaodhani kumheshimu mama ni kumfanya malaika, waambie habari za Louise Bourgeois, mchongaji aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1911. Mama yake alikuwa akikarabati mazulia ya ukutani yaliyofumwa kwa mkono. Bourgeois alipotaka kumuenzi, mwaka 1999, alimtengenezea buibui wa chuma mwenye urefu wa zaidi ya mita 9, mwenye mfuko wa mayai tumboni. Ukipita chini ya miguu yake unaogopa kidogo, na wakati huo huo unajisikia umelindwa. Nadhani wengi waliolelewa na akina mama kama bibi yako wanaijua hali hiyo bila kwenda kuona buibui yeyote.

Fundi fremu alijibu:

Mimi ya kuandika siyawezi, nasemea hizo picha.

Kabla hata moja haijatoka nje ya nyumba, ipigwe picha mbele na nyuma, kwenye mwanga wa mchana usio wa jua la moja kwa moja. Zipe namba. Andika kipimo, urefu wa kwenda juu kwanza halafu upana, na jina la aliyeichukua. Kwenye kazi za karatasi tumia penseli laini, andika nyuma pembeni, usitie kalamu ya wino wala gundi ya plasta. Hata daftari la shule linatosha.

Huko nyuma ndiko kwenye mali, usiruhusu mtu apasafishe. Namba ya simu au deni linaweza kukuambia mchoro ni wa mwaka gani.

Kama kuna alizochora karibuni kwa rangi ya mafuta, usizipange uso kwa uso. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo iliyoanikwa. Inaganda taratibu kwa kuingiliwa na hewa. Juu unaweza kugusa baada ya siku chache ukaona iko sawa, ndani bado. Ndiyo maana vanishi ya kumalizia husubiri miezi 6 hadi 12. Za rangi ya maji nazo zina adui yake, mwanga. Usizitundike mbele ya dirisha.

Na tafadhali sana, asitokee mjomba mwenye kitambaa kibichi. Nimeletewa picha zilizosuguliwa kwa mkate, kwa kiazi, kwa sabuni ya vyombo. Vumbi litolewe kwa brashi laini kavu, na kama rangi imeanza kubanduka hata hiyo brashi iache.

Karani wa hakimiliki alijibu:

Naongeza dogo ambalo huleta kesi baadaye. Aliyegawiwa mchoro anamiliki mchoro. Haki ya kuunakili, kwa mfano kuutia kwenye kalenda au fulana, ni kitu kingine. Kwa kawaida inakwenda kwa warithi. Mkataba wa Berne, uliofikiwa mwaka 1886, unataka haki hiyo idumu angalau miaka 50 baada ya msanii kufariki, na nchi nyingi zimeweka 70. Kubalianeni sasa nani atakuwa anatoa ruhusa, mkiwa bado mnaongea vizuri.

Makaratasi yake pia msichome. Theo van Gogh alifariki Januari 1891, miezi sita baada ya kaka yake Vincent, yule mchoraji maarufu wa Uholanzi. Mjane wake, Johanna, akabaki na mtoto mchanga, mamia ya michoro na rundo la barua. Alizipanga barua hizo kwa miaka mingi, akazichapisha mwaka 1914. Tunamfahamu Vincent kwa kiasi kikubwa kwa sababu shemeji yake hakusafisha nyumba.

Binti wa mchoraji alijibu:

Samahani, mimi niko upande wa mama mkubwa.

Wewe ni mjukuu. Ukali wa bibi ulikufikia ukiwa umeshapoa, ukawa hadithi ya kuchekesha. Sisi watoto tumekulia ndani yake. Mama yangu naye alichora, na mlango ukifungwa tulijua leo hakuna wa kuulizwa kitu, uwe na homa au usiwe nayo. Siku alipouza, nyumba nzima ilicheka. Siku alipoharibu kazi, tulitembea kwa ncha za vidole. Nampenda mpaka leo. Ila mtu akisimama mbele ya watu kunisimulia hasira za mama yangu kama mchezo wa kuigiza, na mimi nitakata.

Usimpelekee rasimu nyingine. Mpelekee picha. Zipangeni sakafuni, mwachie azungumze anavyotaka, wewe andika tu.

Mjukuu wa katikati aliandika:

Asanteni wote, na dada hapo juu umenigusa penyewe.

Tulizipanga sakafuni kweli. Mama mkubwa alikaa kimya sana, halafu akanyoosha kidole kwenye mchoro wa msichana aliyetupa mgongo, mabega juu, kama mtu anayesubiri kupigwa. Ni yeye. Bibi aliuchora baada ya kumkataza kuacha shule, na hawakuongea kwa muda mrefu. Hakuwahi kumwonyesha. Mama mkubwa aliuona mwenyewe akifagia.

Kisha yeye ndiye aliyekirudisha kisa cha mnunuzi, na kunisahihisha: haikuwa bluu, ilikuwa kijani. Tena yule bwana aliondoka akasahau mwavuli, na bibi akamtuma mama mkubwa amkimbilie nao, amwambie na kwamba bei imepanda mara mbili. Akarudi, akalipa. Hilo sikulijua kabisa. Sehemu hiyo ataiandika yeye, na ameniambia nisiiguse.

Fundi, moja ina ukungu nyuma. Nifanyeje?

Fundi fremu alijibu:

Itenge na nyingine leo hii. Iweke penye hewa inayopita na pakavu, usiianike juani, itapasuka. Vaa barakoa ukiishika. Usifute kitu, mbele wala nyuma. Ikishakauka nitumie picha ya nyuma, nione kama kitambaa kimeshaoza.