Naomba ushauri: niandike "toward" au "towards"?

Msomi wa Kondele: Ndugu zangu, hamjambo? Ninaandika barua ya kuomba ufadhili wa masomo na nimekwama kwenye neno moja. Mimi niliandika towards, lakini rafiki yangu aliyeipitia barua hiyo ameikata herufi s kwa kalamu nyekundu. Lipi ni sahihi? Barua inahitajika Ijumaa, nami sipati usingizi.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega: Yote mawili ni sahihi, na maana ni ile ile, kuelekea. Waingereza hupendelea towards na Wamarekani toward, nasi tuliosomeshwa Kiingereza cha Uingereza tumelizoea lenye s. Wala msidhani kwamba hilo fupi lilizaliwa Marekani, kwani Biblia ya Mfalme James, iliyochapishwa London mwaka 1611, inalo.

Mama Kibuye: Vijana mnakosa usingizi kwa herufi moja ya Kiingereza, ilhali Kiswahili mnakiandika ovyo. Mwanangu alipoomba kazi Nakuru aliulizwa vyeti tu.

Jirani wa Milimani: Barua inakwenda wapi? Hilo hujalisema, na ndilo lenye jibu.

Msomi wa Kondele: Inakwenda chuo kikuu kimoja cha Marekani. Hata hivyo, nimekwisha kuandika colour na programme kama tulivyofundishwa, na sioni sababu ya kujifanya Mmarekani wakati kila ukurasa unasema nimelelewa Kisumu.

Kijana wa Nakuru: Kisa hiki nakitilia shaka. Maombi ya vyuo vya huko hutumwa kwa intaneti. Hiyo kalamu nyekundu imetoka wapi? Huenda huyu anatafutiwa majibu ya zoezi la darasani.

Msomi wa Kondele: Rafiki yangu hana kompyuta, kwa hiyo nilimchapishia nakala pale saiba. Tena kompyuta ya pale, iliyowekwa Kiingereza cha Marekani, ilipigia colour mstari mwekundu lakini towards haikuigusa.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega: Haikuigusa kwa sababu hata Marekani si kosa, ila hawalitumii sana. Kijana wangu, baki na towards ukitaka, mradi ushike namna moja tangu mwanzo hadi mwisho: penye colour pawe na afterwards pia, na ukigeuza moja, geuza yote. Lakini ukifunga barua kwa look forward to, hapo s haiingii kabisa, uwe unamwandikia mtu wa London au wa Chicago.