Tupeane uzoefu: Ulikutana wapi na "Love Will Tear Us Apart" ya Joy Division?

Mzee wa Santuri
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wimbo mmoja tu. Najua humu wengi ni wa dansi, taarabu na bongo fleva, lakini nimeona watu wawili watatu wakiugusia huu pembeni, nikaona tuupe uwanja wake.

Kwa asiyekuwa na habari: Joy Division ilikuwa bendi ya vijana wanne wa Manchester na viunga vyake, Uingereza, na jina la wimbo maana yake "mapenzi yatatutenganisha". Ian Curtis mwimbaji, Bernard Sumner gitaa na kinanda, Peter Hook besi, Stephen Morris ngoma. Waliutunga 1979, wakati moto wa punk, ule muziki wa magitaa ya fujo, umeshaanza kufifia na watu wanatafuta jambo jingine la kufanya na magitaa yaleyale. Januari 1980 waliurekodi Oldham, hawakuridhika. Machi wakaurudia studio ya Strawberry, Stockport, chini ya prodyuza Martin Hannett. Tarehe 18 Mei Curtis akajiua, ana miaka 23, na kesho yake bendi ilikuwa ipande ndege kwenda Marekani. Santuri ikatoka mwezi uliofuata, ikapanda mpaka namba 13 kwenye chati ya Uingereza. Mkewe Deborah aliandikisha jina la wimbo huo kwenye jiwe la kumbukumbu yake, Macclesfield.

Historia kila mtu anaweza kujisomea. Mimi nataka kujua wewe ulikutana nao wapi, na ulipoelewa unasema nini, ilikuwaje?

Shetani Mwekundu
Kibanda umiza, Tandika. Tumebanana kwenye mabenchi, jenereta inanguruma nje, Giggs wa Manchester United kapokea mpira winga ya kushoto, mara Old Trafford nzima ikaanza kuimba kwamba Giggs atawachanachana tena. Wimbo ni huohuo, ila mapenzi yametolewa kakaa Giggs. Sisi maneno hatukuyashika, tuliushika mlio, tukawa tunaunguruma nao hadi nyumbani. Baadaye sana jamaa mmoja akaja na flashi imejaa nyimbo za kizungu, tukausikia wa kwenyewe. Rafiki yangu akaruka: "Hawa mbona wameiba wimbo wa Giggs?" Mpaka leo anaamini hivyo, na mimi sijahangaika kumbishia, maana ni Arsenal, haelewi kitu.

Dada wa Kisauni
😂😂 Mimi wangu ni wa harusini. Binti ya mamangu mdogo aliolewa Leeds, ukumbi umejaa, nusu Wapwani nusu Waingereza wenzake wa kazini. Alikuwa amemwambia dijei wakiingia apige "Love Will Keep Us Together" (mapenzi yatatuweka pamoja), ule wa Captain & Tennille wa 1975, babake alikuwa akiupenda. Dijei akasikia "love will" akamalizia mwenyewe. Bibi harusi anaingia na shela lake, mashangazi wanapiga vigelegele, na spika zinamtangazia kwamba mapenzi yatatutenganisha. Meza ya Waingereza wote wamejiziba midomo! Sisi upande wetu hatuna habari, ngoma inachezeka, Bi Mkubwa kaingia kati na leso yake anakata kiuno.

Nilipokwenda kusoma ndipo nikakuta kumbe nyimbo hizo mbili ni wapinzani kabisa, kwamba jina la Joy Division ni jibu la kejeli kwa lile la kwanza. Basi dijei hakwenda mbali sana. Ndoa ingali imara, alhamdulillahi, na video ya harusi imefungiwa kabatini.

Mpenda Mipasho
Lakini mbona hilo si geni kwetu? Taarabu watu wanatunza pesa na kucheza huku mmoja wao ndiye anayesemwa. Huyu kaka Curtis anasema chumba cha kulala kimepoa na mtu kampa mgongo, kinanda chake kinachekacheka. Ningempandisha jukwaani Zanzibar bila wasiwasi, ila avae suti nzuri.

Besi Nzito
Napiga besi kwenye bendi ya dansi, kwa hiyo mimi niliingilia kwenye nyuzi. Mpiga solo wetu alinisikilizisha akaniuliza, hilo ni gitaa gani linaloongoza? Nikamwambia hilo si solo, hilo ni besi. Akakataa. Nikaunga yangu nikampigia pale juu kabisa ya shingo ya gitaa, akanyamaza.

Hook mwenyewe amesimulia kwamba alianza kupanda juu hivyo kwa sababu gitaa la Sumner lilikuwa na kelele na spika yake mwenyewe ilikuwa mbovu, akipiga chini hajisikii. Shida ikazaa staili. Na Curtis, ambaye hakuwa mpiga gitaa, Sumner alimwonyesha kodi (chord) moja tu ya gitaa, D, kwa sababu mwenyewe alikuwa kwenye kinanda. Unaweza kuusukuma wimbo mzima na D hiyohiyo. Nimewafundisha vijana wa mazoezi jioni moja tukaupiga ukumbini kwetu bila kuimba, ala tupu. Wazee walicheza kama rumba iliyoharakishwa.

Mtulivu
Wangu hauna vichekesho, mnisamehe. Mdogo wangu ana kifafa. Shuleni alipoanguka wenzake walikimbia, wakisema povu lake linaambukiza, na mwalimu akamhamishia dawati la peke yake nyuma. Dawa zilimfanya awe anasinzia mchana kutwa.

Siku moja tulikuwa tunaangalia Curtis akiwa jukwaani, anavyorusha mikono na kutumbua macho. Mdogo wangu akauliza, "Huyu anacheza au kimempata?" Sikuwa na jibu. Nikasoma kumbe aligundulika na kifafa mwaka 1979, na kuna maonyesho alianguka kweli jukwaani, watazamaji wakashangilia wakidhani ni sehemu ya shoo. Tena kabla ya hapo alikuwa mtumishi wa ofisi ya ajira, akiwatafutia kazi watu wenye ulemavu, wakiwemo wenye kifafa.

Mdogo wangu sasa ni fundi cherehani na dawa hajaacha. Wimbo wenyewe haupendi, anasema unazunguka mno. Ila ile video anairudia.

Mzee wa Santuri
Mtulivu, pole na asante. Mpe salamu zangu fundi.

Yaya wa Stockport
Nalea wazee huku, basi langu linapita karibu na jengo la Strawberry. Siku hizi si studio tena, kuna kibao cha kumbukumbu tu ukutani. Kuna mzee mmoja nilikuwa namhudumia, nikamtajia, akasema wale vijana walikuwa wanapiga kelele. Nikamwuliza aliwasikia? Akasema hapana, lakini alijua.

Besi Nzito
Mzee wa Santuri, toleo lipi bora, la Januari au la Machi?

Mzee wa Santuri
Redio zinapiga la Machi, na Hannett alilihangaikia kweli. Morris anasema alikuwa ameshalala, akapigiwa simu usiku wa manane arudi studio kuirudia ngoma ndogo, na hadi leo akiusikia wimbo anasaga meno. Lakini mimi ni wa la Januari. Lina haraka, halijapakwa poda. Geuza ile santuri ndogo, utalikuta upande wa pili pamoja na "These Days". Dada wa Kisauni, ile video kabatini tutaipataje?