Naombeni ushauri: ualimu Kalambo au kutangaza kipindi cha historia kwenye runinga?

BintiPangani:
Wakuu, habari zenu. Nina shahada ya ualimu, masomo ya Historia na Kiswahili, na kwa sasa nafundisha shule binafsi Tanga. Majina ya ajira yametoka, nimepangiwa sekondari wilayani Kalambo, Rukwa. Wakati huohuo kituo kimoja cha runinga kinanitaka niwe mtangazaji wa kipindi cha historia: mkataba wa miezi sita, malipo kwa kila kipindi.

Kazi hiyo naitamani tangu nikiwa sekondari. Ila tulirekodi kipindi cha majaribio Pangani, habari za Abushiri bin Salim na vita vya 1888–1889, na mswada niliopewa ulisema alinyongwa Bagamoyo. Nikawaambia ni hapahapa Pangani, Desemba 1889. Mtayarishaji akasema nisome kilichoandikwa, watazamaji hawafuatilii hayo. Baba anasema ajira ya serikali haikataliwi. Naombeni mawazo yenu, hasa mliopita kwenye tasnia hii.

MzeeWaKuze:
Mwanangu, salaam kutoka Mombasa. Hapa kwetu alizaliwa Ali Mazrui mwaka 1933, na sijaona mwalimu mzuri kumshinda yeye kwa hilo unalouliza. Mtihani wake wa sekondari alipata daraja la tatu, Makerere wakamkataa, akawa karani katika chuo cha ufundi cha Waislamu hapa Mombasa. Baadaye akasoma Manchester, Columbia na Oxford, kisha akarudi Makerere ileile kama mhadhiri na kupanda hadi uprofesa. Enzi za Amin akaondoka, akaenda kufundisha Michigan.

Runinga ilimkuta mtu mzima. Mwaka 1979 alitoa mihadhara ya Reith kwenye redio ya BBC, na 1986 ukatoka mfululizo wake wa vipindi tisa kuhusu Afrika na urithi wake wa aina tatu: wa asili, wa Kiislamu na wa Magharibi. Maneno yalikuwa yake, hoja zake. Marekani mkuu wa taasisi ya serikali iliyochangia fedha, Lynne Cheney, alikasirika hata akataka jina la taasisi liondolewe. Mazrui hakubadilisha msimamo. Sasa mtu anayesomeshwa mswada wa mwenzake angesimamia nini siku hiyo? Usikubali kusoma uongo, mwanangu. Uso utakaoonekana ni wako.

NyumaYaKamera:
Namuunga mkono mzee, ila hali ya vituo vyetu naijua. Dada, swali la kwanza: mkataba unasema nani ana neno la mwisho kwenye mswada? Na vipindi vikirushwa tena, unalipwa? Waandikie barua pepe, majibu ya mdomo usiyachukue.

Mtazame pia David Olusoga, mtangazaji wa vipindi vya historia wa Uingereza, mzaliwa wa Lagos. Alisoma historia Liverpool, akajifunza utangazaji, akafanya kazi miaka mingi kama mtafiti na mtayarishaji kabla ya kujulikana sura. Ndiyo maana anajua kipindi kinavyojengwa. Wewe omba uanze na utafiti na uandishi, utangazaji ufuate.

Kipanya_Dom:
Nenda Rukwa mdogo wangu. Miezi sita ikiisha utakula nini? Ukishathibitishwa kazini, omba kibali kwa mwajiri ufanye vipindi wakati wa likizo.

BintiPangani:
Asanteni sana. @NyumaYaKamera, nimeusoma tena mkataba, kuhusu mswada hauna hata mstari mmoja. Nitawaandikia leo, nikiomba kuandika mwenyewe au angalau haki ya kusahihisha. @Kipanya_Dom, hofu yangu ni kwamba huko nitasahaulika.

MamaMatai:
Mimi nafundisha hukuhuku Kalambo, kwa hiyo nisikilize, dada. Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kuna mabaki ya ngome ya Wajerumani, enzi hizo wakipaita Bismarckburg. Na maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, mwaka 2023 watafiti walitangaza magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale miaka takriban 476,000 iliyopita. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuambiwa hilo.

Mwanahabari Zeinab Badawi alitengeneza vipindi vyake vya historia ya Afrika kupitia kampuni yake mwenyewe, akiegemea majuzuu ya UNESCO ya historia ya bara hili, lile la nane likiwa limehaririwa na huyohuyo Mazrui. Alienda kuwahoji Waafrika kwenye maeneo yao. Kituo kikikataa masharti yako, njoo. Simu yenye kamera nzuri na maikrofoni ya kubana kwenye nguo vinatosha kuanzia. Wazee wa Kifipa wanaosimulia nitakupeleka mimi, ukifika Matai uliza nyumba za walimu.

BintiPangani:
Dada, nakutumia ujumbe inboksi sasa hivi. Naomba uniambie na hali ya usafiri kutoka Sumbawanga.