Tafi wanne, nazi mbili, watu saba: usiku huu nipike kipi?

MamaLangoni
Assalaamu alaykum wapishi wenzangu. Niko Langoni, Lamu, na alasiri imeshaingia sijaamua chakula cha usiku. Upepo wa Kusi umekaza, vyombo vingi vya uvuvi havikutoka, na samaki waliofika leo ni wachache tena wa bei. Nimebahatika kupata tafi wanne wa kiasi, wabichi kabisa, wa malema (mitego ya kusuka).

Nyumbani tuko saba: mimi na mume wangu, mama mkwe, na watoto wanne. Ndani nina mchele, pojo (choroko) nusu kilo, nazi mbili, vipande vya ng'onda (samaki mkavu wa chumvi), muhogo uliovuka kutoka bara leo, unga wa ngano, nyanya, vitunguu, ukwaju na ndimu. Makaa yapo, gesi iko ukingoni.

Nayumba baina ya haya: wali wa nazi na mchuzi wa tafi, mseto (mchele na pojo kwa nazi) na ng'onda huku tafi wakikaa kwenye friji hadi kesho, muhogo wa nazi na tafi wa kukaanga, au chapati na mchuzi. Naomba mnilinganishie, na si kwa ladha peke yake. Mama mkwe ana sukari na presha, na chakula kiwe tayari watu wakirudi msikitini baada ya Isha.

BintiShela
Waalaykum salaam dada. Kwangu mimi hapana mjadala: wali wa nazi na mchuzi wa tafi. Ukiwa na samaki mbichi siku ya Kusi halafu ukapika ng'onda, utakuwa umemdhulumu samaki. Wali unaiva kwa chini ya saa moja, mchuzi unapikika pembeni, na watoto hawabishani na wali.

BiMkubwaMkomani
Binti, wali wa nazi ni mtamu, lakini hesabu nazi. Kilo moja ya mchele inataka nazi mbili ndipo wali unukie na uwe na mafuta yake. Sasa mchuzi utatiwa tui gani? Akizigawa, nazi moja huku na moja huko, atapata wali mkavu na mchuzi mwepesi, na vyote viwili vitakuwa vimekosa.

Nazi ikiwa chache, chagua chungu kimoja uipe yote. Chungu cha pili kipikwe kwa ukwaju au ndimu. Tena tui na ukali wa ukwaju zinakamilishana vizuri zikikutana kwenye sahani, hata bora kuliko tui juu ya tui.

Mimi ningepika mseto, nazi zote ziingie humo, na kitoweo kiwe cha ukwaju. Pojo zinaongeza chungu: mchele kidogo unalisha watu wengi, na mtu akila mseto jioni hatafuti kitu tena hadi alfajiri.

MvuviMatondoni
Mimi naomba tu tafi wasiwekwe hadi kesho. Tafi anakula majani ya bahari, na tumbo lake likikaa bila kutolewa linachachuka, uchungu wake unaingia kwenye nyama. Mtoe matumbo sasa hivi, dada, hata kama hujaamua pishi. Na usipasue nyongo.

Jambo la pili, miiba. Tafi ana sumu kwenye miiba ya mgongoni, ya tumboni na ya karibu na mkia, na akishakufa bado inachoma. Chukua mkasi, kata mapezi yote kabla ya kumpaa magamba, na uweke watoto mbali. Ukichomwa, tia mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kwa nusu saa au zaidi. Sumu hiyo inavunjwa na joto, ndiyo sababu akipikwa hana neno.

Kuhusu pishi, samaki mbichi namna hiyo mimi namtia chumvi, ndimu na thomu (kitunguu saumu), nampasua mbavuni, nampeleka kwenye makaa. Hataki kingine.

BiMkubwaMkomani
Kaka mvuvi, hayo ya mkasi umesema kweli na Mungu akulipe. Lakini ya kuchoma ni chakula cha watu wawili waliokaa ufukweni. Tafi wanne wa kuchoma kwa watu saba? Atakayepata mkia atalala ananung'unika. Samaki akiwa mchache lazima awe na rojo, ili asiyepata nyama nyingi apate ladha yake.

BaraniMalindi
Salaam kutoka Malindi. Huku kwetu pia Kusi imekaza, bandarini samaki wanauzwa kama dhahabu.

Nizungumzie muhogo, kwa sababu naona mnaupita. Muhogo mzuri wa nazi unaiva upesi kuliko vyote ulivyotaja. Umenye, ukate, utoe ule uzi wa katikati, uchemshe hadi uanze kupasuka, umwage maji yale, kisha utie tui jepesi, chumvi, pilipili mbuzi nzima, na tui zito mwisho. Jiko moja, sufuria moja. Tafi wa kukaanga na kachumbari pembeni, mmemaliza.

Tahadhari ni moja: onja kipande kidogo kabla, ukiuona mchungu uache kabisa. Muhogo mchungu una sumu, na kuuchemsha harakaharaka hakutoshi kuitoa.

Chapati mimi ningezifuta kwenye orodha. Si kwamba ni mbaya. Lakini kilo ya unga ni kukanda, kulaza, kukata, kusukuma, kisha kusimama mbele ya chuma cha moto ukigeuza moja baada ya nyingine, na gesi umesema iko ukingoni. Chapati ni za siku yenye mkono wa pili wa kusaidia. Na ukitaka kuzila kwa maharagwe, yanataka yalowekwe tangu jana.

MamaLangoni
Ahsanteni sana. Matumbo nimeshatoa, na mkasi nimeutumia. Chapati nimeziacha.

Sasa nisaidieni kwa upande wa mama mkwe. Yeye anapenda muhogo kupita kiasi, na hapendi kupikiwa chake peke yake, anasema anafanywa mgonjwa. Nataka chungu kimoja tule sote.

MuuguziMokowe
Dada, hapo ndipo mseto unapoishinda mihogo na wali mtupu. Muhogo ni wanga karibu wote, na wali mweupe hivyo hivyo. Sukari inapanda upesi. Pojo zina nyuzinyuzi na protini, zikichanganywa na mchele sukari inapanda polepole zaidi kuliko mtu akila wali peke yake kwa kiasi kilekile. Haimaanishi ajaze sahani. Mpakulie kiasi, umpe na kachumbari au mchicha kwanza, na samaki kipande chake kamili.

Kitu ambacho kinanitia wasiwasi katika orodha yako ni ng'onda. Mtu wa presha na ng'onda hawapatani, chumvi yake ni nyingi mno. Hata ukiiloweka na kubadilisha maji mara mbili tatu, inapungua lakini haitoki yote. Nani atazuia mchuzi usiingie kwenye sahani yake ikiwa sinia ni moja? Wapikie tafi.

Na kama anameza dawa za sukari au anadungwa insulini, asicheleweshewe chakula hadi baada ya Isha kwa kuwasubiri wengine. Fuata saa alizopangiwa hospitalini.

BintiShela
Nakubali hoja ya nazi, na ya mama mkwe sina la kusema. Lakini watoto je? Wangu wakiona pojo wanazichambua moja moja na kuzipanga pembeni ya sahani. Chakula cha usiku kikigeuka vita, sote tunalala tumechoka.

BiMkubwaMkomani
Hapo inategemea pojo zimeivaje. Zikibaki nzima na ngumu, hata mtu mzima atazichambua. Zikipasuka na kulegea zinashikana na mchele, hakuna cha kuchambua.

Nitakueleza ninavyopika, Mama Langoni, uone kama itakufaa. Mchele vikombe vitatu, pojo kikombe kimoja na nusu. Chambua pojo kwenye ungo, zina vijiwe vidogo vya rangi yao hasa, jino linaweza kuvunjika. Zioshe, zichemshe kwa maji matupu bila chumvi. Pojo hazihitaji kulowekwa kama mbaazi. Kiasi cha nusu saa hivi utaona maganda yanaanza kufunguka.

Wakati zinachemka, kaa kwenye mbuzi ukune nazi. Usikune hadi kwenye kifuu, ile ngozi ya kahawia inachafua tui. Tia maji vuguvugu kidogo, kamua tui zito uliweke kando kwenye bakuli. Rudia na maji zaidi upate tui jepesi.

Pojo zikishapasuka, tia mchele uliooshwa, tui jepesi na chumvi kidogo. Hapa watu wanakosea kwa kukorogakoroga. Geuza mara moja, funika. Maji yakishaingia, mwagia tui zito juu, geuza taratibu kutoka chini kwenda juu, kisha punguza moto wa chini na upalie makaa machache juu ya mfuniko. Robo saa. Ukifunua, chembe za mchele zimelegea na mafuta ya nazi yanang'aa ubavuni mwa sufuria. Na ukoko utakaokuta chini, watoto watagombania huo kabla ya samaki.

BaraniMalindi
Bi Mkubwa, na tafi wa ukwaju unawakaanga kwanza au unawatia wabichi?

BiMkubwaMkomani
Wakaangwe kidogo, upande huu na huu, washikane tu. Wakiingia wabichi kwenye rojo la ukwaju na ukakoroga, nyama inamong'onyoka na miiba inasambaa, balaa kwa watoto.

Awakate kila mmoja vipande viwili, ni vipande vinane. Mchuzi wake: vitunguu vikaangwe vilainike, thomu, nyanya zipondeke hadi mafuta yatoke juu, bizari ya manjano, pilipili, kisha ukwaju uliolowekwa na kuchujwa. Ukichemka na kuwa mzito, ndipo vipande viingie, vifunikwe dakika chache. Usiweke tui humo hata kijiko. Ukwaju mkali ndio utakaoukata utamu wa mseto.

MvuviMatondoni
Vichwa msivitupe. Kichwa cha tafi kina nyama nzuri mashavuni, na ndicho kinachotia ladha kwenye rojo.

MamaLangoni
Basi nimeamua: mseto kwa nazi zote mbili, tafi wa ukwaju, kachumbari ya ndimu. Ng'onda itakaa hadi siku mama mkwe atakapokwenda kwa bintiye. Muhogo nitauchemsha asubuhi tunywee chai, kipande kimoja kwake atosheke. Pojo ziko jikoni tayari, na mtoto wangu wa pili ndiye aliyezichambua kwenye ungo, huenda hiyo ikamfanya azile.

Nilidhani mseto ni chakula cha siku isiyo na samaki. Naona ndicho kinachomtunza samaki mchache.

BintiShela
Sawa, mmenishinda. Wali wa nazi nitaungoja siku ya nazi nne.

MuyeyeMalindi
Samahanini nimechelewa, lakini nina swali hilihili kwa upande wangu. Sisi tuko watatu, tunapanga chumba, sina jiko la makaa, napikia gesi ya kichomeo kimoja. Makaa ya kupalia juu sina. Mseto utakuwa bora kwangu au niende kwenye sima na mchicha wa nazi? Samaki leo sina, nina dagaa wakavu tu.

BaraniMalindi
Karibu, jirani. Kwa kichomeo kimoja na dagaa wakavu, sima inakufaa zaidi leo. Pika mchicha kwanza kwa nazi moja, uweke kando umefunikwa, kaanga dagaa na nyanya na pilipili, halafu sima mwisho kwa kuwa ndiyo inayopoa vibaya. Dagaa wakate vichwa na uwaoshe mara kadhaa kwa maji ya vuguvugu, wasibaki na mchanga.

BiMkubwaMkomani
Naafiki. Lakini mseto kwa gesi unawezekana mwanangu, usiukatie tamaa. Maji yakishaingia, punguza moto hadi wa chini kabisa, weka kipande cha bati au chuma cha chapati chini ya sufuria moto usipige mahali pamoja, na funika kwa kitambaa kizito kisafi chini ya mfuniko, ncha zake uzikunje juu zisishike moto. Mvuke hautatoka na juu kutaiva. Ukoko utapata mwembamba, ila utapata.

MuuguziMokowe
Na ukipika mseto ukabaki, usiulaze kwenye sufuria juu ya jiko hadi asubuhi. Joto la huku na tui havipatani, na wali uliolala nje una vijidudu ambavyo sumu yake haiishi hata ukipashwa moto. Utandaze kwenye sahani upoe upesi, kisha friji. Kama huna friji, pika wa kutosha usiku huo tu.

MuyeyeMalindi
Friji sina. Basi leo sima, na kesho nikipata nazi nitapika mseto kikombe kimoja cha mchele na nusu cha pojo. Nazi moja itatosha kwa hicho?

BiMkubwaMkomani
Itatosha na itabaki. Tui zito tia lote, jepesi tia kiasi cha kufunika mchele na kidole kimoja juu yake. Likibaki, pikia mchicha.