Naombeni ushauri: nipangeje kazi zangu za kufuma za mwaka mpya?

Dada wa Tabata

Habari za jioni, wanajamvi. Mimi ni mkazi wa Tabata, na kufuma kwa sindano mbili nilifundishwa na marehemu mama yangu nikiwa darasa la tano. Kila ifikapo mwisho wa Desemba huandika kwenye daftari kazi nitakazofuma mwaka unaofuata, na kila mwaka daftari hilo hunisuta, kwani mwaka huu unaoisha niliandika kazi kumi na mbili nikamaliza nne. Safari hii nimeandika hivi: Januari blanketi dogo la kochi, Februari seti ya mtoto mchanga, yaani sweta, kofia na soksi, kwa ajili ya mdogo wangu anayetarajia kujifungua Machi, Aprili shali ya mama mkwe, Juni sweta la mume wangu, ambaye husafiri Mbeya kikazi, na kuanzia hapo vitambaa vya makochi hadi mwaka uishe. Shida ni kwamba tangu juzi nikilishika daftari hilo moyo unanienda mbio na usingizi unaruka. Mnapangaje kazi zenu ili zisiwazidi? Naomba kuwasilisha.

Bibi wa Magomeni

Mwanangu, panga kwa kufuata hali ya hewa na si kwa kufuata tamaa. Kuanzia Desemba hadi Machi jiji hili lina joto la kutoa jasho hata umekaa, na uzi ukishalowa jasho la mkono hautelezi tena kwenye sindano, unakwamakwama na vitanzi vinakazana. Miezi hiyo fuma vitu vidogo visivyolala mapajani, na blanketi liache hadi kipupwe.

Umenikumbusha mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa zilipokuwa adimu, uzi wa dukani hatukuuona, hivyo tulikuwa tunafumua sweta kuukuu. Ulikuwa unauzungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, unaufunga sehemu nne usivurugike, unaufua, kisha unauanika umening'inizwa kitu kizito ili ule mkunjo utoke. Sweta la kwanza la marehemu mzee wangu lilitoka kwenye sweta tatu za watu watatu, na alilivaa Lushoto bila kujua kwamba kwapa moja lilikuwa la shemeji yake.

Msafiri wa Kimara

Hatimaye jamvi limepata uzi unaohusu uzi. Ushauri wangu, dada: kwa joto hili la Dar es Salaam, fuma feni.

Kitanzi Kimoja

Dada, orodha yako haina ubaya wowote. Nimefuma kwa zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kumwona mtu akikosa usingizi kwa sababu ya blanketi la kochi ambalo hakuna anayelisubiri. Kabla sijasema lolote kuhusu mpangilio, nijibu maswali matatu. Una saa ngapi za kufuma kwa siku, ukiondoa kupika na safari? Una uzi kiasi gani ndani, kwa kilo? Na je, kuna kazi ya mtu uliyokwisha kuiahidi ambayo hukuiandika hapa?

Dada wa Tabata

Ahsanteni nyote. Nina saa nne kwa siku, tano nikijitahidi. Uzi nilio nao ni kilo tano na nusu, wa akriliki, bluu iliyokolea. Kuhusu swali la tatu, ipo kazi ndogo ya sweta za watoto wa chekechea, ambayo sikuiandika kwa sababu nilitaka tuzungumzie mpango wa mwaka kwa ujumla.

Kitanzi Kimoja

Ndogo kiasi gani, na ya lini?

Dada wa Tabata

Sweta 24, mwisho wa Januari. Nimekwisha kupokea arbuni ya shilingi 360,000, ambayo ni nusu ya malipo. Sehemu yake nimenunulia uzi na iliyobaki imeingia kwenye kodi ya nyumba, kwa sababu mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mpigo. Naomba tusiligeuze hilo kuwa mjadala, kwani fedha ya kazi ni ya fundi na kila fundi mjini huishi hivyo.

Mtunza Amana

Dada yangu, kwa heshima, tutaligeuza kuwa mjadala. Arbuni ni amana hadi kazi itoke mkononi. Mimi nina cherehani nne, na fedha ya mteja huiweka kwenye bahasha yenye jina lake, wala siigusi kwa kodi hata mwenye nyumba akipiga kambi mlangoni. Niliwahi kuigusa mara moja, nguo za harusi zikachelewa, na hadi leo nikikutana na yule bibi harusi mtaani huvuka barabara.

Kitanzi Kimoja

Mtunza Amana, fedha imekwisha kutumika. Tuhesabu kazi.

Dada, chukua sweta la mtoto wa miaka minne lenye kifua cha sentimita 64 na urefu wa sentimita 38. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4, kila sentimita 10 hubeba takribani vitanzi 22 kwa upana na mistari 30 kwa urefu. Hivyo kipande cha mgongo kina vitanzi 70 kwa mistari 114, ambavyo ni karibu vitanzi 8,000. Kifua ni vivyo hivyo, pungufu kidogo kwa ajili ya shingo, na mikono miwili kwa pamoja ni vingine karibu 8,000. Jumla ni vitanzi 24,000 kwa sweta moja. Mfumaji mwenye mkono mwepesi hutoa vitanzi 30 kwa dakika bila kusimama, kwa hiyo sweta moja ni saa 13 na dakika 20, kabla ya kuunganisha. Zidisha kwa 24, utapata saa 320. Ukigawa kwa siku 34 zilizobaki, unahitaji zaidi ya saa tisa kila siku, Jumapili zikiwemo, nawe una nne. Hicho ndicho kinachokunyima usingizi, na hakuna mpango wa mwaka utakaokitibu.

Dada wa Tabata

Hesabu hiyo niliifanya kwa kidole tu, lakini jibu nalijua. Ndiyo maana nimeanza kutafuta njia nyingine. Kuna kijana pale Kariakoo mwenye mashine ya kufumia ya kusukuma kwa mkono. Nimempelekea sweta la mfano na amesema anaweza kutoa vipande vya sweta 18, kisha mimi nitafuma kola na kuunganisha kwa mkono. Mteja alitaka za mkono, lakini kola itakuwa ya mkono na mishono ya kuunganishia itakuwa ya mkono, kwa hiyo sioni kwamba nitakuwa nimedanganya. Sijampa fedha bado, ila nimemwambia nitarudi Jumatatu.

Bibi wa Magomeni

Mwanangu, mtu akiagiza mchuzi wa nazi ya kukuna, ukampikia wa nazi ya pakiti ukanyunyizia nazi ya kukuna juu, umempikia nini?

Mkaguzi wa Mambo

Nimesoma uzi huu kutoka juu hadi hapa, na naona sukari imezidi kwenye chai hii. Kwanza, mleta mada alijitambulisha kama mfumaji wa kujifurahisha, baada ya saa mbili akawa mkandarasi wa sweta 24. Pili, ni shule gani ya chekechea Dar es Salaam inayoagiza sweta za akriliki mwezi wa kwanza, wakati watoto wanavaa vesti na bado wanalia joto? Tatu, sweta za shule zimejaa madukani, zimefumwa kwa mashine, na kwa bei nafuu; nani anaagiza za mkono? Nne, na hili ndilo kubwa: mtu mwenye deni la sweta 24 hawezi kukaa akaandika kwamba Januari atafuma blanketi la kochi. Wakuu, tunaandaliwa. Kesho mtaona namba ya simu na bei ya sweta.

Msafiri wa Kimara

Nilijua. Kodi ya nyumba ilipoingia tu nikaanza kutafuta kikombe.

Mtunza Amana

Na mimi nimeshamweleza mpaka habari za bibi harusi wangu!

Dada wa Tabata

Ndugu Mkaguzi, nitakujibu yote manne kwa sababu umeuliza vizuri kuliko ninavyostahili. Shule haiko Dar es Salaam, iko Makete, mkoani Njombe, ambako hata Januari mvua ikinyesha mtoto hutetemeka asubuhi. Za mkono ziliagizwa kwa sababu zile za dukani za mwaka jana ziliachia kwenye mabega kabla muhula haujaisha. Blanketi niliandika kwa sababu nilipofungua ukurasa wa Januari, mkono ulikataa kuandika sweta 24. Kuhusu kuwa mfumaji wa kujifurahisha, hilo lilikuwa kweli hadi Novemba.

Ambalo sikulisema ni kwamba mwenye shule ni wifi yangu, dada yake mume wangu. Kazi aliniomba mbele ya familia nzima, kila mtu akapiga makofi, na mimi nikasema sweta 24 ni kitu gani. Hiyo ndiyo sababu siwezi kumpigia simu kumwambia nimeshindwa.

Kama ni ushahidi, nina huu hapa mapajani. Uzi niliununua mara mbili: kilo tatu mwezi Novemba, na kilo mbili na nusu wiki iliyopita, duka lile lile na rangi yenye namba ile ile. Yote niliitia kwenye mfuko mmoja. Mgongo wa sweta la kwanza nimefuma usiku, na kifua nimefuma usiku, vikalingana. Leo saa tisa alasiri nimevilaza pamoja dirishani ili niviunganishe, nikaona kimoja ni bluu na kingine ni bluu iliyochanganyika na zambarau kwa mbali. Nilikaa pale hadi wali ukaungua.

Mkaguzi wa Mambo

Sijasema naamini. Lakini wali kuungua umenigusa.

Kitanzi Kimoja

Mimi naamini, kwa sababu kosa la namna hiyo halibuniwi, hutendwa. Kwenye karatasi ya donge la uzi huwa kuna namba mbili: moja ni ya rangi, na nyingine ni ya mkupuo wa kutia rangi. Ya kwanza ikilingana na ya pili ikatofautiana, taa ya usiku itakuficha na jua litakuumbua. Toa madonge yote mfukoni sasa hivi, uyatenge kwa namba hiyo ya pili.

Sasa tazama jambo lililokuwa mbele yako muda wote. Sweta moja la ukubwa huo hula takribani gramu 225. Kilo zako tatu za Novemba zinatosha sweta 13, na kilo mbili na nusu zinatosha 11. Jumla ni 24 kamili. Darasa la wadogo livae bluu ya Novemba, darasa la wakubwa livae bluu ya Desemba, na hakuna mwalimu atakayeona kasoro, wataona mpangilio. Kile kifua kimoja kilichokosana na mgongo kifumue.

Kuhusu muda, baridi yenyewe ya Makete ni Juni na Julai. Muulize wifi yako kama atapokea sweta kumi za wadogo mwisho wa Januari, zilizobaki za wadogo Februari, na za wakubwa kabla ya Mei kwisha. Sweta kumi ni saa 133, yaani saa nne kwa siku, ambazo umesema unazo. Seti ya mtoto mchanga ni kazi ya siku chache, ipenyeze Februari. Mama mkwe na mume wako wasubiri.

Bibi wa Magomeni

Na simu umpigie wifi wewe mwenyewe, usimtume mume. Mume akipeleka ujumbe atasema umechoka, na wifi atasikia umekataa. Anza na salamu za watoto, kisha mwambie kwamba hutaki kumpelekea sweta za mashine kama zile zilizoachia, kwa hiyo unaomba muda. Hilo ni kweli, maadamu kijana wa Kariakoo hujamrudia.

Mtunza Amana

Nami naongeza: umwambie na habari ya arbuni.

Bibi wa Magomeni

Mtunza Amana, mwanangu, hiyo isubiri simu ya pili.

Dada wa Tabata

Nimerudi. Wifi nimempigia baada ya isha. Alinyamaza kwanza, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema kumi za wadogo zifike kabla ya tarehe 31 Januari, nizipakie kwenye basi pale Mbezi mwenyewe, na kwamba za wakubwa angependa ziwe kubwa kidogo kuliko vipimo alivyonitumia kwa sababu hadi Mei watakuwa wamekua. Arbuni hakuiuliza, nami sikuitaja. Kijana wa Kariakoo nimemwandikia kwamba sirudi Jumatatu, na sweta la mfano nitalifuata siku nyingine.

Daftari nimelifungua ukurasa wa Januari, nikafuta blanketi, nikaandika: sweta kumi, uzi wa Novemba tu. Kifua nimekifumua, na usiku huu naanzisha vitanzi 70 upya.

Mkaguzi wa Mambo

Weka picha ya hizo bluu mbili, tumalize ubishi.

Dada wa Tabata

Nimepiga, ndugu yangu, lakini chini ya taa zinaonekana rangi moja. Nitapiga nyingine kesho saa tisa, dirishani.